Mnyororo Uko Iringa

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye. Kwetu Kilolo marehemu babu alinuna miezi saba kwa ajili ya jembe aliloazimisha likarudi limevunjika mpini, na akafa kabla hajamaliza kununa. Damu ni ile ile. Mtu akinicheka mbele za watu sipigani, wala situkani. Nanyamaza tu, na kunyamaza kwangu ni kubaya kuliko matusi.

Mwaka wa sabini na sita nilikuwa kidato cha nne, shule ya ufundi, nje kidogo ya mji wa Iringa ukishika njia ya Kalenga. Likaja tangazo kwamba sikukuu ya Saba Saba shule zetu za nyanda za juu zitashindana Mbeya kwa mitambo. Masharti yalikuwa hivi: mtambo utembee wenyewe hatua kumi, uinue debe la mahindi kutoka chini, uliweke juu ya meza. Injini hapana, umeme hapana, maana kijijini hakuna. Na filimbi ikishalia, mkono wa mtu ukigusa tu, mmetoka.

Mwalimu Anania, aliyekuwa akitufundisha karakana, alichagua watu wawili. Mmoja mimi, Saulo Kalinga. Wa pili Bujiku Maganga.

Bujiku alikuwa Msukuma wa Usangu. Wazee wake walihama Shinyanga na ng'ombe wao wakifuata majani, wakashukia kwenye mbuga zile za chini ya Chimala. Alikuwa mrefu, mcheshi, na mkono wake ukishika penseli, loo, mchoro unatoka safi kama umepigwa chapa. Shule ilikuwa na nafasi moja tu ya kumpendekeza mtu chuo cha ufundi Dar es Salaam, na kila mtu alijua ni ya Bujiku. Hata mimi nilijua. Sikuwa na kijicho naye, kusema kweli. Tulikuwa tunakula sahani moja.

Mwezi wa tatu kaka yake, Shija, akaumwa na nyoka machungani, akafa. Wiki chache baadaye baba yao, Mzee Maganga, akaja shuleni na blanketi begani na fimbo mkononi. Tulikuwa karakana.

"Shikamoo mzee," tukasema.

"Marahaba wanangu." Hakutaka kiti. Akamwambia Mwalimu Anania, "Mwalimu, nimekuja kumchukua mtoto. Shija hayupo tena. Ng'ombe hawana mtu."

Mwalimu alimbembeleza sana. Alimweleza habari za chuo, za mashindano, za mtambo. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akatazama mchoro ukutani, akatikisa kichwa.

"Karatasi mimi sijui," akasema. "Ila siku hiyo ya Saba Saba nitakuja Mbeya. Nikiona kwa macho yangu hicho kitu cha Bujiku kinabeba debe kama mtu, nitatafuta mchungaji wa kuajiri, mtoto abaki na shule yake. Kisipobeba, tunarudi wote siku ile ile. Mwalimu, nimesema."

Bujiku alikuwa ameinamisha kichwa. "Sawa, baba," akajibu.

Ndipo mzee akafungua mzigo aliokuja nao. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe, kavu, imekunjwa na kufungwa kamba. Akasema ni ya dume la Shija mwenyewe, dume alilokuwa akilipenda, limechinjwa matangani kulisha watu waliokuja kuzika. Ngozi ameona ampe mdogo wa marehemu. Bujiku akaipokea kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka mbele yetu sote bila aibu. Nami nililia. Mtu asinione mimi ni jiwe.

Basi tukaanza kazi, na mtambo tukauita Kibarua.

Nguvu ya Kibarua ilitoka kwenye bomba tulilolijaza mchanga, likapandishwa juu ya mlingoti. Ukiliachia linashuka polepole, kamba yake inazungusha ekseli, magurudumu yanakwenda. Magurudumu tuliyabishania siku tatu. Mimi nilitaka madogo ya toroli kwa sababu ni mepesi kuanza. Bujiku akasema uwanja wa Mbeya una nyasi na mashimo, gurudumu dogo litazama, tuweke ya baiskeli. Nikamkubalia, maana alikuwa na haki. Tukabishana tena kasi. Mwalimu Anania akatuambia, "Vijana, nguvu na kasi hazikai nyumba moja. Chagueni mmoja wa kulala nje." Tukachagua nguvu. Kibarua akawa anatembea kama mzee anayetoka kanisani, lakini hasimami.

Kazi ngumu ilikuwa mkono. Kibarua akifika kwenye debe, kifua chake kinabonyeza kifyatulio, uzito wa lile bomba unahamia kwenye puli, puli inavuta mkono juu pamoja na debe. Sasa, puli na mkono viungwe na nini? Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mimi nilisema mnyororo. Vipuri mwaka ule vilikuwa shida, mnyororo mpya huupati hata ukilia. Nilikwenda mjini, Mlandege, kwa fundi baiskeli Jumamosi nne mfululizo, nikamfagilia kibanda, nikamsaidia kuziba pancha, mpaka akanipa minyororo mitatu chakavu. Nikailoweka kwenye mafuta ya taa, nikaisugua pingili moja moja, nikaiunga ikawa mmoja mrefu. Vidole vyangu vilinuka mafuta ya taa mwezi mzima. Niliuthamini mnyororo ule, na sioni haya kusema hivyo.

Bujiku akasema ngozi. Akakata mkanda kutoka kwenye ile ngozi ya Shija, akauloweka maji, akauvuta juu ya puli ukiwa mbichi, akauacha ukauke. Kwao Usangu ndivyo wanavyofunga kila kitu, nira, mikuki, milango ya zizi. Ngozi inafungwa ikiwa na maji, jua linaikaza, na ikishakaza hata shoka linapata tabu. Mwalimu akauliza kama tusiipake mafuta kuzuia maji. Bujiku akasema ukiipaka mafuta itateleza kwenye puli. Jibu zuri, na la kweli.

Mwalimu akaamua tujaribu. Kila kimoja kiinue debe mara kumi. Mnyororo wangu uliruka meno mara mbili, pale kwenye maungio. Mkanda wa ngozi ulipandisha debe mara kumi bila kosa.

"Imekwisha," akasema Mwalimu Anania. "Ngozi."

Lakini majaribio yale yalifanyika karakana, mita tatu kutoka tanuru la kufulia vyuma, mahali pakavu kuliko Usangu yenyewe. Na mimi ni mtu wa Kilolo. Kitanda cha bibi yangu Severina kimewambwa kwa kanda za ngozi. Kiangazi ukilala juu yake ni ubao. Ukija mwezi wa sita, ukungu ukikaa siku tano bila jua, kinalegea mpaka bibi anakuwa kama amelala kwenye beseni, na sisi wajukuu tunaitwa kuja kukikaza. Kwetu mtoto mdogo anajua jambo hili. Kwa hiyo nikafungua mdomo.

"Mwalimu, Mbeya mwezi wa saba kuna umande. Ngozi na umande…"

Bujiku akacheka. Hakunidharau, najua sasa. Alikuwa na furaha, mkanda wa kaka yake umeshinda. "Jamani, msikilizeni mtu wa Kilolo! Nyumba nzima ng'ombe wawili, na wote wana majina kama watu. Leo anamfundisha Msukuma habari za ngozi! Saulo, ule mnyororo ukauze chuma chakavu, upate hata karanga."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Hata Mwalimu Anania alicheka. Nikafura. Nikasema moyoni, vizuri, nimesema mara moja, mara ya pili atanipigia magoti. Nikauchukua mnyororo wangu, nikaufunga kwenye gunia dogo.

Kuanzia siku ile nilifanya kazi zangu zote. Nilikaza nati, nilipaka grisi, nilipima. Habari ya ngozi sikuigusa tena, na Bujiku hakuniuliza. Alidhani yamekwisha. Yeye akitania jambo leo, kesho amelisahau, na anafikiri watu wote wako hivyo.

Tarehe sita tukapakia Kibarua kwenye lori la wazi, tukalifunika turubai. Mfuko wangu wa safari ulikuwa na nguo, sahani, na chini kabisa lile gunia la mnyororo. Kwa nini niliubeba? Nimejiuliza sana. Nadhani nilitaka siku ifike mbele ya watu wote, Bujiku aje aseme, "Saulo, niokoe," na mimi nichomoe mnyororo, niuone uso wake. Kuubadilisha si kazi, tulikwisha kuweka meno yake ubavuni mwa puli na hatukuyang'oa. Robo saa tu. Nilikuwa nimeipanga sherehe yangu vizuri.

Kutoka Mafinga mpaka Makambako tulipita ndani ya manyunyu. Si mvua, ni ile hali ya Mufindi, maji yanaelea tu hewani na kila kitu kinalowa bila kunyeshewa. Turubai lilikuwa na matundu. Tulifika Mbeya jioni, tukamwacha Kibarua uwanjani pamoja na mitambo ya wenzetu. Asubuhi ya Saba Saba umande ulikuwa mweupe juu ya nyasi, mlima Loleza hauonekani, watu wanapuliza mikono. Nilikwenda kwanza kabisa kwenye mkanda nikaubonyeza kwa kidole gumba. Ulikuwa umelainika kama sikio la mbuzi.

Nilijua. Saa mbili asubuhi nilijua, na zamu yetu ilikuwa saa nne.

Bujiku naye aliuona, akauvuta, akasema, "Jua likitoka utakaza." Kwao jua hutoka. Pale Mbeya siku ile halikutoka. Alizunguka zunguka akitazama mawingu, na kila alipopita karibu yangu nilijishughulisha na spana. Mzee Maganga alikwisha kufika. Alikuwa amesimama nyuma ya kamba, blanketi lile lile, fimbo ile ile. Alikuwa amesafiri siku moja na nusu, sehemu kwa miguu.

Filimbi ikalia. Kibarua akaanza. Ekseli ilizunguka, magurudumu makubwa yakapita kwenye nyasi na mashimo bila wasiwasi, na watu wakaanza kupiga makofi. Hatua tano, saba, kumi. Akalifikia debe, kifyatulio kikalia ta! Mkono ukashika, ukaanza kupanda. Nikamtazama mzee. Alikuwa ametabasamu, meno yote nje, anamgusa mtu wa pembeni amwonyeshe. Debe lilipofika magotini mkanda ukateleza. Puli ikawa inazunguka bure ndani ya ngozi, na debe likashuka chini taratibu, likakaa.

Waamuzi walikuwa watu wa huruma. Wakasema kila shule ina nafasi ya pili, baada ya nusu saa.

Bujiku alifanya kazi kama kichaa. Alikata kipande, akaunga upya, akagongomea kabari ya mti, akapangusa ngozi kwa shati lake mwenyewe. Kila alipoukaza ulivutika tena. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Kisha akasimama, akanitazama. Hakupiga magoti. Alisema kawaida tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Saulo, ulisema kweli. Laiti tungekuwa na ule mnyororo wako."

Mfuko ulikuwa miguuni pangu. Kisigino changu kiliugusa. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na ushei.

Nilikuwa nimengoja maneno yale wiki tano. Yalipokuja, sikuona utamu wowote, niliona tu karakana ile ikicheka, na mdomo wangu ukajibu kabla mimi sijaamua.

"Mnyororo uko Iringa," nikasema. "Si ulisema niuuze?"

Akaitikia kwa kichwa. "Haya," akasema. Akarudi kwenye ngozi yake.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukusema baada ya dakika moja? Nilikuwa na dakika ishirini! Nitamjibu kwamba uongo ukishausema una miguu yake. Nikiufungua mfuko, Bujiku ataona, mwalimu ataona, na mimi nitakuwa nani? Nilisimama pale na kila dakika ilifanya ile inayofuata kuwa ngumu zaidi. Nilijiambia labda utashika. Nikaanza hata kumwomba Mungu ushike, mimi niliyekuwa nimesimama na jibu la sala yangu kwenye mfuko. Hasira hasara, husema watu. Wanaisema tu.

Mara ya pili Kibarua alitembea vizuri zaidi ya mara ya kwanza. Alilishika debe, akalipandisha mpaka kifuani, karibu kabisa na meza. Mkanda ukatoka wote kwenye puli. Debe likaanguka, likapinduka, mahindi yakamwagika kwenye majani yaliyolowa. Hakuna aliyecheka.

Mzee Maganga alipita chini ya kamba, akaja. Akainama, akaokota mkanda, akauminya, akaunusa.

"Ngozi ya Shija," akasema.

"Baba, kosa ni langu," Bujiku akamwambia. "Mimi ndiye niliyeichagua."

"Hapana. Ungeikataaje ngozi niliyokupa mimi, tena ya matanga? Mimi ndiye niliyeileta." Akamgeukia Mwalimu Anania, uso umemshuka. "Mwalimu, mtoto ana akili. Nimeona kitu kinatembea chenyewe. Mimi mwenyewe nimemfunga mguu kwa ngozi yangu. Lakini neno langu nilishalitoa, na ng'ombe kule wako na watoto wadogo."

Mwalimu alisema maneno mengi. Hayakusaidia. Mtu mzima akishasema mbele ya watu, kurudi nyuma ni aibu. Hilo mimi ndiye niliyepaswa kulielewa kuliko wote.

Tulipokuwa tunapakia, mzee akanifuata. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, migumu, yenye harufu ya maziwa na moshi. "Bujiku ameniambia," akasema. "Wewe ulisema habari ya umande, wakakucheka. Ulitaka kumsaidia mwenzako. Wabeja, mwanangu. Asante sana. Ukipita Chimala uliza kwa Maganga, nyumba ni yako."

Niliitika. Nilimwambia, "Asante, mzee."

Lori likawashwa. Nilikuwa nimeshapanda, mfuko wangu bado chini, na Bujiku akauinua anipe. Alipounyanyua ukalia. Mnyororo una sauti yake, mtu aliyeusikia karakana mwezi mzima hawezi kuifananisha na sahani. Alisimama na mfuko mikononi. Nikaona vidole vyake vinapapasa kitambaa pale chini, pingili moja, ya pili, ya tatu, kama mtu anayehesabu rozari. Baba yake alikuwa amesimama bega kwa bega naye, bado anamweleza dereva, "Ni ngozi yangu, bwana, ni mimi niliyeleta ngozi."

Bujiku alinitazama. Nilingoja aseme. Nilitamani aseme, wallahi, anitukane, anivue nguo mbele ya kila mtu. Angenitaja, angalau baba yake angeutua mzigo ule.

Akanipa mfuko, polepole, usilie tena.

"Safari njema, Saulo," akasema. Akamshika mzee mkono, wakaondoka kuelekea stendi.

Ile nafasi ya chuo nilipewa mimi. Nani mwingine? Mwalimu Anania aliandika kwenye barua kwamba kijana huyu ana macho ya kuona kasoro kabla haijatokea. Nilikwenda Dar es Salaam, nikasoma, nikafaulu. Mwaka huu wa sabini na tisa nimepangiwa kazi Mbeya, kwenye karakana kubwa, nina ovaroli mbili na watu wanaoniita fundi mkuu.

Naambiwa Mzee Maganga yu hai, ila macho yamepungua nguvu. Bujiku anachunga, ameoa, na ametengeneza mtambo wa kusukuma maji kwa mkono ambao watu wanatoka mbali kuja kuutazama. Na naambiwa mgeni yeyote akiusifu, mzee humkalisha chini na kumsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoharibu maisha ya mwanawe kwa ngozi ya ng'ombe.

Mnyororo ninao. Kila nikienda nyumbani Kilolo nautia kwenye mfuko, nikisema safari hii nitashuka, niuweke mbele ya mzee, nimwambie. Basi husimama Chimala dakika ishirini ili watu wapate chakula. Nimepita pale mara sita. Nabaki kwenye kiti changu, mfuko nimeupakata, mpaka dereva apige honi kuwaita wenzangu.